Kabla ya kukimbilia midiamu fomati, pima lenzi na flashi

Mjadala wa fulu fremu na midiamu fomati (aina mbili za kamera za kidijitali, ya pili ikiwa na kihisi kikubwa zaidi, yaani sehemu inayopokea mwanga) huanzia kwenye megapikseli, na hapo ndipo pesa nyingi hupotea bure. Naona uanzie kwenye kazi: unapiga wapi, kwa mwanga gani, na picha itaishia wapi.

Kihisi cha fulu fremu ni milimita 36 kwa 24. Cha kamera za midiamu fomati kama Fujifilm GFX100S na Hasselblad X2D ni 43.8 kwa 32.9, eneo mara 1.67 tu. Sony A7R V, ya fulu fremu, ina megapikseli 61, hizo mbili zina takriban 100, lakini pikseli zote ni za ukubwa mmoja, mikromita 3.76. Ukichapa kwa nukta 300 kwa inchi, Sony inakupa upande mrefu wa sentimita 80, GFX karibu 99. Kwenye albamu ya A4 tofauti hiyo haionekani kabisa.

Kwa harusi za usiku ukumbini, jibu langu ni fulu fremu. Chukua lenzi ya kupigia picha za sura, 85mm f/1.4 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni pana zaidi). Kwenye GFX inayokaribiana nayo kwa pembe ya kuona ni 110mm f/2. Gawa 85 kwa 1.4: tundu la milimita 61. Gawa 110 kwa 2: milimita 55. Lenzi ya fulu fremu ndiyo inayomeza mwanga zaidi na kuyeyusha mandhari ya nyuma zaidi! Tena usitegemee shata ya kielektroniki (isiyotumia pazia) ya GFX chini ya taa za LED. Kihisi kinasomwa polepole, na gauni jeupe litajaa michirizi.

Juani mambo hubadilika. Jua kali kwa ISO 100 (kiwango cha wepesi wa kihisi kwa mwanga) linataka kasi ya shata ya sekunde 1/125 kwa f/16, na 1/125 ndiyo mwisho wa GFX kwa flashi; ukizidisha, pazia la shata linaacha ukanda mweusi kwenye picha. Ukitaka f/4 ili kuyeyusha mandhari ya nyuma, unafunga filta ya ND16, kioo cheusi kinachopunguza mwanga mara 16, lakini filta hiyo inakata na mwanga wa flashi mara 16. Hasselblad imeweka shata ndani ya lenzi, hivyo unapiga 1/2000 kwa f/4 bila filta, na flashi inayowaka haraka ya watisekunde 40 (kipimo cha nguvu ya flashi) inafanya kazi ya 640 iliyo nyuma ya filta. Kwa anayepiga mitindo ufukweni saa sita mchana, hiyo ni sababu ya kweli ya kulipa.

Sababu nyingine ni bidhaa za katalogi na kunakili michoro: kamera kwenye tripodi, f/8. Ukipita f/11 ukali unaanza kulainika na megapikseli ulizolipia zinayeyuka. Tenga pia hela ya hifadhi, maana RAW (faili ghafi ya picha) ya biti 16 isiyobanwa ni takriban MB 204. Kadi ya GB 64 inajaa kwa picha kama 300. Na usihesabu lenzi zako za zamani kwa adapta. Nyingi zimetengenezwa kufunika ulalo wa milimita 43, wakati GFX inataka 55, kwa hiyo kona za picha zinaingia giza.

Ukibaki na shaka, kodi GFX siku moja. Piga kazi yako ya kawaida kwa kamera zote mbili, chapa zote kwa ukubwa anaonunua mteja wako, kisha zitundike ukutani na uzitazame ukiwa umbali wa mita moja na nusu.