Kitambaa cha Kochi Kilichokwenda Ijumaa

Uongo wenyewe ulikuwa wa neno moja. Mchumba wangu alinipigia simu usiku akaniuliza, "Mama anataka kujua, kufuma unafuma?" Nikamjibu, "Nafuma." Sikujisumbua kumfafanulia kwamba ninachokijua ni kushona kofia, na kwamba kroshia, ile sindano ya kufumia yenye ndoano, nilikuwa nikiiona mikononi mwa watu tu, kama unavyoiona pikipiki ya jirani.

Siku ya pili jibu likarudi kutoka Chake Chake, huku huku kwetu Pemba. Mkwe anataka vitambaa vinne vya makochi, vya rangi, maana vyeupe amevichoka. Na atakuja mwenyewe kwetu Wete, Ijumaa ya wiki ya tatu, kuvitazama. Kuvitazama maana yake kunitazama mimi, hilo hata paka wa nyumbani alilielewa.

Sasa mama huyu lazima nikuelezeeni. Ukiingia ukumbini kwake huoni makochi, unaona vitambaa. Mgongo wa kochi una kitambaa, mikono ya kochi ina vitambaa, televisheni ina kitambaa, redio iliyokufa zamani ina kitambaa. Jagi la maji lina kifuniko cha uzi chenye shanga ukingoni ili nzi asipate hata pa kuchungulia. Vyote vyeupe pe, vyote vimetiwa wanga mpaka ukikisimamisha kimoja kinasimama. Mwanamke wa namna hiyo humletei kazi ya kubahatisha.

Nikampigia shoga yangu wa Unguja, yeye anajua mambo ya mitandaoni. Akaniambia, "Fuma mraba wa bibi. Ndio rahisi kuliko vyote, hata watoto wa skuli wanafuma." Mraba wa bibi ndivyo Wazungu wanavyouita. Baadaye nilisoma kwamba maelezo yake yalichapishwa Marekani tangu mwaka 1885, kwenye jarida la wakulima liitwalo Prairie Farmer. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka 130 watu walikuwa wanaanza na mraba na wanamaliza na mraba, bila ya tatizo, mpaka ilipofika zamu yangu.

Nilijipa moyo kwa sababu ya marehemu bibi yangu. Yeye ndiye aliyenifunza kofia ya kiua nikiwa na miaka tisa. Anayeijua kazi ile anajua si mchezo: unachora, unatoboa vitundu vidogo vidogo, unakizungushia uzi kila kitundu, juu ya kofia mbali na ubavu wake mbali, kisha unaviunganisha. Kofia moja inaweza kukula wiki na miezi. Nikasema moyoni, mtu aliyeyamudu yale atashindwa na haya? Uzi ni uzi.

Nikapanda gari hadi Chake, nikanunua kroshia moja na madonge sita ya uzi: nyekundu, manjano, kijani, buluu, zambarau, na rangi moja ambayo muuzaji aliiita samli. Lebo ilisema akriliki. Mie nilisoma bei.

Mwanzo, wallahi, ulikuwa mtamu. Unafuma mnyororo mfupi wa vitundu vinne, unauunganisha kuwa pete. Ndani ya pete unasimamisha nguzo, yaani mishono mirefu, tatu tatu, kila tatu kishungi kimoja, vishungi vinne, na baina ya kishungi na kishungi unaacha mnyororo mdogo. Mianya hiyo minne ndiyo pembe. Mzunguko wa pili, kila unapofika kwenye pembe unatia vishungi viwili ndani ya mwanya ule ule, na mnyororo katikati yao. Ndivyo unavyoongezeka, na ndivyo unavyobaki mraba. Pembe ndio siri yote. Ukizisahau pembe, kitambaa hakina pa kutanukia, kinaanza kujikunja.

Hayo nayasema leo kwa ufasaha kama mwalimu. Wakati ule nilikuwa nafuata video tu, nasimamisha, narudisha, nasimamisha, mpaka kidole kikaota sugu kwa kugusa kioo cha simu kuliko kwa kroshia.

Shoga akanishauri nitie na bisi, ili kitambaa kiwe na vinundu. Bisi ni hizi hizi tunazowakaangia watoto, na mshono wenyewe umeitwa hivyo kwa vile unavimba. Unafuma nguzo tano ndani ya tundu moja, unachomoa kroshia, unaiingiza kwenye kichwa cha nguzo ya kwanza, unakidaka kile kitanzi ulichokiacha, unakivuta. Pu! Zile nguzo tano zinakusanyika, zinatuna mbele kama shavu la mtoto mwenye tende mdomoni. Bisi ya kwanza ilipotuna niliipigia kelele mpaka mama akatoka jikoni na mwiko.

"Kuna nini?"

"Imevimba!"

"Tia chumvi na maji moto," akarudi zake jikoni.

Nikafika mzunguko wa tano. Mraba umekaa mkekani, bapa, pembe nne, bisi za manjano juu ya kijani, unang'ara. Nikaupima: sentimita 14 kila upande. Naikumbuka namba hii kwa sababu imekuja kuniumbua.

Hapo umeme ukakatika, na bando nalo likaisha, kama waliokuwa wameagana. Nikawasha tochi ya simu, nikaibana kidevuni, nikamwita mtoto wa jirani tupige soga, nikaendelea kwa kichwa changu. Na kichwa changu kilikuwa na jambo moja tu lililokaa imara tangu miaka tisa: ukishamaliza juu, unaanza ubavu. Mkono ukapita njia inayoijua. Kishungi kila mwanya, kishungi kila mwanya, pembeni kishungi kimoja kama kwengine kote, mzunguko wa sita, wa saba, wa nane. Niliona kidogo kinajiinamia. Nikasema kitanyooka kwa pasi. Saa tano za usiku nilikuwa nimefika wa kumi, na mtoto wa jirani akauliza, "Hili bakuli la nini?"

Nikamwambia akalale.

Asubuhi umeme haujarudi. Nikatia makaa kwenye pasi ya mkaa, nikasubiri ishike moto, nikakilaza kile kitu juu ya shuka nikakikandamiza. Mtu asikudanganyeni, akriliki na pasi ya moto haviwekwi chumba kimoja. Akriliki ni plastiki iliyovaa nguo ya sufu. Nilipoinyanyua pasi, bisi moja ilikuja nayo. Imebandika chini ya pasi, inafuka moshi, nyumba nzima inanuka kama ndoo iliyoangukia jikoni. Bakuli lenyewe halijanyooka hata kidogo, sasa lina kovu la kahawia ubavuni.

Nikalifua, nikalianika kambani, nikalivuta huku na huku likiwa maji maji, labda litakapokauka litaona haya. Kambani hapo hapo kulikuwa na kanzu ya Babu imeanikwa. Ilikuwa Alhamisi. Mkwe anakuja kesho, mie sina vitambaa vinne, sina hata kimoja, nina bakuli lenye bisi. Usiku ule nilipanga uongo wa pili: nitasema vimefuliwa, havijakauka.

Ijumaa mkwe kafika baada ya sala, yeye na dada zake wawili. Mama katandika mkeka mpya, katoa halua ya Wete, vileja, na juisi ya ukwaju. Wakala, wakasifu, wakanitazama, wakanywa, wakanitazama. Kisha mkwe akajifuta midomo kwa leso.

"Mwanangu, viko wapi basi?"

"Vimefuliwa, mama. Havijakauka."

Mama yangu mzazi, Mungu amhifadhi, hajawahi kusoma alama ya jicho. "Mbona jua lote hili! Si kile cha bisi kilikuwa kambani tangu jana? Nenda kakitoe."

Nikatoka uani miguu mizito. Kambani hakuna kitu. Kanzu haipo, bakuli halipo. Nikashukuru kwa moyo wangu wote. Nikasema ama upepo, ama kunguru, yeyote yule aliyekichukua nitamwombea dua maisha yangu.

Nikarudi ndani na uso wa msiba. "Mama, nadhani kimeibiwa..."

Nje ikasikika bakora. Ko, ko, ko. Na kikohozi.

"Hodi wenyewe."

Babu alikuwa anatoka msikitini. Huyu mzee ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, na anasubiri zamu ya operesheni. Amevaa kanzu yake iliyopigwa pasi, koti, bakora mkononi. Na juu ya kichwa, imekaa sawa sawa kama iliyopimwa na fundi, buluu na zambarau ubavuni, manjano na kijani juu, bisi zimetuna pande zote nne, na kovu la kahawia limeelekezwa mbele, juu kabisa ya paji la uso.

Nilisikia roho yangu inatafuta mlango.

Mkwe na dada zake wakasimama, "Shikamoo baba," naye, "Marhaba, marhaba, karibuni nyumbani." Akakaa. Hakuna aliyesema kitu. Dada mdogo wa mkwe alikuwa ameuziba mdomo kwa ukaya na mabega yanamtikisika.

Mkwe akajikaza. "Baba, kofia hiyo... mpya?"

"Mjukuu wangu huyu kanifumia," Babu akasema, akanionyesha kwa bakora, kwa upande nisiokuwepo. "Hakuniambia. Kaniwekea pamoja na kanzu yangu, kimya kimya, ili nishangae. Nimeipapasa tu nikajua. Matundu haya, duara hii. Mkono wa marehemu bibi yake mtupu. Na ina upepo, kichwa kinapumua! Msikitini leo wazee wote wameniuliza fundi nani."

Fikiria msikiti mzima. Imamu juu ya mimbari, na kitambaa cha kochi katika safu ya mbele.

Babu akaivua akampa mkwe aione, kwa fahari, kama mtu anayekupa mtoto umpakate. Mkwe akaigeuza juu chini. Vidole vyake, vilivyokwisha kufuma vitambaa vya Chake nzima, vikaanza kutembea kwenye mizunguko, na midomo inahesabu bila ya sauti. Akafika pahala akasimama.

"Mpaka wa tano, pembe zipo," akasema taratibu. "Wa sita, mwanangu, zimekwenda wapi?"

Mpemba mzima nimeshindwa na pembe nne. Nikatazama mkeka.

Akaigeuza ndani. "Na mafundo haya ya kubadilisha rangi? Nilidhani wavu wa dagaa." Akagusa kovu. "Hapa palikuwa na nini?"

"Bisi, mama. Imeungua."

Ndipo alipocheka. Si kicheko cha mgeni. Alicheka mpaka akakaa kitako chini, akaegemea ukuta, juisi ikamwagika, dada zake wakaangukiana, mama yangu naye akacheka bila ya kujua kwa nini. Alipopata pumzi akatoa futi ya kushonea mkobani (bila shaka anatembea nayo) na kroshia mbili (bila shaka). Akapima juu ya kofia.

"14 mara nne, sentimita 56. Baba, kichwa chako inchi ngapi?"

"22, tangu ujana wangu."

"Inchi 22, sentimita 56, ndiyo hiyo hiyo. Mjukuu wako hakukosea, kakupima umelala." Kisha akaniita kwa kidole. "Njoo hapa. Jambo dogo. Tunafumua hii mizunguko mitano ya chini, tunarudisha pembe, na kitambaa kimepatikana."

Kufumua kroshia hakuna kazi. Kazi yote inashikiliwa na kitanzi kimoja cha mwisho. Ukikiachia ukavuta uzi, kinakimbia chote kama mdeni aliyemwona mdai. Mkwe alikuwa ameshakata fundo la mwisho, kashika ncha ya uzi wa zambarau, kavuta vitanzi vitatu, vinne, prrr.

Bakora ikashuka mkekani. Ko!

"Mnafanya nini?"

"Tunaitengeneza, baba."

"Imeharibika nini?" Akanyoosha mkono. "Lete. Fumueni vyengine."

Akapewa. Akairudisha kichwani na uzi wa zambarau umening'inia sikioni, akatoka zake barazani kunywa kahawa. Mkwe akanikalisha mbele yake, akanipa kroshia, na tukaanza pete upya. Kila nikifika pembeni ananipiga kofi dogo la goti. "Viwili hapa. Mnyororo katikati. Viwili." Hata leo nikifuma goti hunichonyota.

Vitambaa vinne alivipata kabla ya Ramadhani, bapa, pembe zote kumi na sita. Ule uzi wa sikioni nilimfungia Babu mwenyewe usiku ule ule, maana alikataa kuivua na ilibidi nifunge kofia ikiwa kichwani.

Shida iliyobaki ni ya barazani. Jana nimerudi sokoni nikawakuta wazee watatu wamekaa na Babu, dele la kahawa katikati. Mmoja kanikabidhi kipande cha uzi chenye mafundo mawili, kipimo cha kichwa chake. Wa pili anataka inchi 23. Wa tatu, ambaye siku zote ndiye mwenye maneno, kaniita pembeni.

"Yangu mie iwe kama ya babu yako," akaninong'oneza, "lakini hiyo nembo ya kahawia hapa mbele niwekee mbili."