Hiyo kutu ilikuwepo

Wenye malori wenzangu, hivi mlishawahi kumuona mtu anapendezwa na kutu? Mimi nimemuona. Lori langu limegongwa, asesa wa bima, yule mkadiriaji wa hasara, kaletwa kukagua ubavu wa kulia, mlango umeingia ndani, madigadi imekunjika, ngazi ya kupandia inaning'inia, taa ya pembeni haipo kabisa, yeye huyoo kazunguka kushoto ambako hakujaguswa na mtu, kachuchumaa, kakuta kakutu kadogo chini ya mlango, akapiga picha. Akasogea akapiga nyingine kwa karibu. "Hii ilikuwepo kabla ya ajali." Sasa nani kabisha? Hiyo kutu tunaishi nayo vizuri tu, haijawahi kudai fidia.

Ikaja shughuli ya kunyoosha au kubadilisha. Fundi bodi anasema bati la mlango limevutika, ukiligonga kwa nyuma litabaki linadunda kama debe, weka mwingine. Asesa: unanyoosheka. Fundi anasema puti ya kujazia mabonde itakuwa nene mno, na lori linavyotikisika na mzigo itapasuka idondoke. Asesa: unanyoosheka. Mimi niliyelipia bima nimesimama hapo katikati, hakuna hata anayeniangalia. Madigadi ilipita fasta kwa sababu inafungwa na bolti, fungua, toa, weka nyingine, kwisha. Mlango ndo una ugomvi, maana mlango mzima ni bei ya spea, na bei ya spea inawauma bima kuliko ajali yenyewe.

Mwisho wakakubali mlango ubadilishwe. Nikashangilia mapema. Wakasema ila mlango mpya kwenye lori kuukuu, hapo wewe umefaidika, kwa hiyo tunakata uchakavu na tofauti unaongeza mwenyewe, mbali na ile eksesi, yaani kipande cha hasara ambacho kila klemu unajilipia mwenyewe. Nimefaidika! Nilikuwa na mlango wangu unafunga na kufungua, sikumuomba mtu mwingine anigonge nifaidike! Nikawaambia basi nileteeni mlango wa umri uleule, nikajua hapo nimewabana. Walivyofurahi hao! Kumbe spea iliyotumika ndo walikuwa wanaitaka tangu mwanzo. Ukaja mlango wa njano, lori langu bluu, na kwa ndani una stika ya mwenyewe wa zamani imeandikwa USIBAMIZE MLANGO.

Rangi nayo haya. Fundi rangi ananielewesha kwamba hii ya metaliki hata ukiichanganya kwa namba yake ileile haitafanana na iliyokaa juani miaka yote, kwa hiyo lazima aipulizie ikifia taratibu kwenye bati la jirani ili jicho lisione mpaka. Bima wanajibu bati la jirani halikupata ajali. Ni kweli halikupata, ila ndo litakalokaa pembeni ya mlango wa rangi tofauti watu wakidhani nimeunganisha malori mawili.

Tulivyofungua ngazi, tukakuta braketi ya nyuma yake, kile chuma kinachoishikilia, imepinda na waya wa taa umekatika ndani kwa ndani. Asesa alikadiria kwa macho, na macho hayapiti kwenye bati, hilo simlaumu. Ila utaratibu ni kwamba fundi haruhusiwi kugusa chochote kipya mpaka aandike makadirio ya nyongeza, asesa arudi, apige picha, ofisi iidhinishe. Basi braketi imewekwa pale sakafuni inasubiri kupigwa picha kama mgeni rasmi, na lori linasubiri braketi. Wateja wangu wameshapata lori lingine, marejesho ya benki hayajui habari za braketi, na siku ambazo lori limelala gereji mkataba wangu wa bima hauzilipi, hiyo ni nyongeza unayotakiwa kuinunua mapema. Ukiuliza kwa nini hukuambiwa unaonyeshwa ukurasa wa mkataba.

Sasa limetoka, nakabidhiwa fomu nisaini kwamba nimeridhika na matengenezo, nisiposaini gereji hawalipwi na lori haliondoki. Nikasema ngoja kwanza nijaribu. Mlango unafunga, sawa. Rangi, ukikaa mbali kidogo, sawa. Kioo nikakishusha kikashuka vizuri kabisa. Kupanda kikagoma. Nikamuuliza dada wa mapokezi kama wana fomu ya kuridhika nusu, akanipa kalamu.