Rangi Haina Undugu

Najua wengi mmeshasikiliza toleo la katibu wetu kuhusu aibu iliyonipata kwenye kikao cha kikoba. Ile sauti ya dakika nne, anacheka mpaka anakohoa. Sawa. Ila katia chumvi: sikulia. Macho yalikuwa yanawasha tu.

Kikao cha kikoba, Jumapili, sebuleni kwa Mama Mwenyekiti. Mimi ndiye mweka hazina, nimechoka na daftari, nikatangaza kwamba mwezi huu tunaenda kidijitali. Nikaazima projekta. Usiku wa manane nikaweka ile rangi ya masharti kwenye Excel: ambaye hajafikisha hisa ya 50,000, jina lake liwe jekundu lenyewe. Nikateua majina kuanzia juu kabisa, pale palipoandikwa JINA, nikaandika kama nilivyoona kwenye video: =B2<50000. Nikalala usingizi wa mtaalamu.

Wanaojua Excel mmeshashika vichwa. Wengine subirini, msiba unakuja.

Nikaanza na hotuba. "Wadaiwa sugu leo hawana pa kujificha. Rangi haina undugu!" Kwa kinywa changu mwenyewe, jamani. Nikawasha. Ukutani, herufi kubwa kama za bango la mgombea, jina la kwanza kabisa likawaka jekundu, sentimita chache chini ya picha ya harusi yake: Mama Mwenyekiti.

Kimya. Feni tu ndiyo inasikika. Kuna mtu alikuwa anatafuna karanga, akaacha, shavu limevimba hivyo hivyo. Mama Mwenyekiti akavaa miwani, akasoma, akaivua, akaifuta kwa ncha ya khanga, akavaa tena. Pembeni ya jina lake pameandikwa 50,000.

"Mwanangu," akasema, kwa ule upole wa kutisha, "mimi nadaiwa? Ndani ya nyumba yangu?"

"Hapana mama, ni rangi tu hiyo." Nikakamata kile kindoo cha rangi, nikamwagia jina lake nyeupe. Jekundu. Nikamwaga tena. Jekundu. Mara ya tatu mkono unatetemeka, watu 22 wanakifuata kishale cha mausi kwa macho, huku nami nimeshasahau hata jina langu. (Kumbe rangi ya masharti hukaa juu ya rangi ya mkono. Ungepaka mpaka Krismasi.)

Hapo ningezima mashine, nikasingizia umeme. Lakini mimi ni mimi. Nikachukua ile brashi ya Excel ya kunakili mwonekano, nikanakili kutoka kwa jina ambalo halikuwa na tatizo, nikaiburuta toka juu hadi chini, kushoto hadi kulia. Brashi haikubeba usafi, ilibeba ile kanuni, na kila kisanduku kikaanza kumpima jirani yake wa kulia, mstari wa chini. Kisanduku kitupu kwake ni sifuri, na sifuri ni pungufu ya 50,000. Safu ya maoni ilikuwa tupu. Basi maoni yakawa mekundu, namba za simu zikawa nyekundu, ukuta mzima ukaiva kama nyanya. Mtoto mmoja akapiga makofi.

Aliyeniokoa, kama ni kuokoa, ni binti wa mle ndani, kidato cha pili. "Anti, umeanzia kuteua A1, penye JINA, halafu ukaandika B2, hisa ya mstari wa chini yake. Kila mtu anapewa rangi ya aliye chini yake." Akafuta kanuni zote, akateua kuanzia A2, akaandika upya. Wekundu ukashuka mstari mmoja. Ukamtoka Mama Mwenyekiti, ukatua jina la pili.

La pili ni mweka hazina. Pembeni: 0.

Nilipanga kulipa palepale kikaoni, mjue hilo. Nikalipa kwa simu, na faini 5,000, ambayo niliipendekeza mimi mwenyewe mwezi uliopita. Mama Mwenyekiti akanisogezea karanga. "Kula mwanangu. Rangi haina undugu."

Projekta bado iko kwake na mwenye mali anaidai. Kama kuna anayepita Mbagala kesho, aniambie. Mimi ile sebule siingii mwezi huu.