Kamera ya Kuzamia Mbizi

Mtungi wa gesi wa jirani ulipotea, na ploti nzima ikaamka imekuwa wataalamu wa usalama. Mkutano ukafanyika ngazini, tukachanga, nikatumwa Luthuli, barabara ya maduka ya elektroniki mjini Nairobi, kununua kamera. Eti mimi ndiye husoma maandishi madogo.

Luthuli Avenue hakuna kamera inayoingia maji. Muulize muuzaji yeyote. "Hii bosi, mvua haiwezi." Namba yake? "Namba gani tena?" Namba ya IP, ndugu yangu, ile inayosema kifaa kinazuia vumbi na maji kiasi gani! Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi, na 6 ndiyo ya juu: halipenyi hata chembe. Vumbi la Kayole mwezi wa Januari mnalijua, linaingia hadi kwenye sufuria iliyofunikwa. Ya pili ni ya maji: 4 ni ya kurushiwa matone, 5 ya bomba, 6 ya bomba kali, 7 ya kuzamishwa mita 1 kwa dakika 30.

Akanitolea IP67, na bei yake ya kizungumkuti. Kuzamishwa! Bwana, sisi kamera tunaiweka ghorofa ya tatu. Siku maji yakifika pale, nani atauliza mwizi alivaa shati gani? Isitoshe, iliyozamishwa ikapona si lazima iwe ilipigwa na bomba. Iliyopita mitihani yote miwili huandikwa zote, IP66/IP67. Na mvua ya Aprili hapa Nairobi haitumbukizi kitu kwenye beseni, inakipiga mbavuni. Nikachukua IP66.

Sasa mjue hiyo 66 inavyopimwa. Lita 100 za maji kila dakika, kwa dakika zisizopungua 3, zote anarushiwa kamera! Sisi huku mfereji unakohoa upepo na maji tunanunua kwa mkokoteni. Hiyo maabara iko wapi? Nipelekeni na mitungi yangu nisimame nyuma ya kamera.

Fundi naye akaja, akaifunga ukutani vizuri sana, kisha mkia wa nyaya akauacha unaning'inia nje. Namba inalinda mwili wa kamera. Pale waya wa intaneti unapochomekwa hailindi kitu kama hujafunga kifuniko chenye mpira kinachokuja ndani ya boksi. Kifuniko kiko wapi? Fundi akaangalia mawingu. Akatoa karatasi ya nailoni, zile zilizopigwa marufuku 2017, sijui alizificha wapi, akazungushia na selotepu. "Hapo iko sawa, mzee."

Mvua ikanyesha. Kamera kavu ndani, nzima kabisa, haioni chochote. Maji yalifuata waya yakatulia kwenye kiungio.

Sasa fundi anataka kisanduku cha kufichia viungio, pesa zaidi. Mama Junior wa nyumba namba nne anauliza kama kisanduku nacho kina namba. Kinayo. Nimemsihi asiseme kwa sauti. Mwenye nyumba akisikia tunaishi IP66, kodi inapanda.