-kali: neno moja au maneno manne?

Kisu kikali, embe kali, mbwa mkali, dawa kali. Mtunzi wa kamusi lazima aamue: hili ni neno moja lenye maana nyingi, au ni maneno kadhaa yaliyogongana kwa sauti tu, kama kaa la moto na kaa wa baharini?

Wanaoyatenganisha hushika kipimo cha kinyume. Kisu kisicho kikali ni butu, embe lisilo kali ni tamu, mbwa asiye mkali ni mpole, dawa isiyo kali ni hafifu. Vinyume vinne kwa neno moja? Tena jaribu kulinganisha: "pilipili hii ni kali kuliko kisu kile." Sarufi haina kosa, ila sentensi haina maana.

Upande wa pili hutazama asili, na hapo ndipo penye utamu. Neno hili ni la Kibantu, na ushahidi umo katika viambishi vyake: mkali, kikali, mikali, makali. Vivumishi vingi tulivyopokea kutoka Kiarabu havibebi viambishi hivyo. Twasema kitu ghali, si "kighali". Kwa hiyo kufanana kwake na neno la Kiarabu qaly, majivu ya mimea yaliyotupa neno alkali, ni sadfa tu. Sasa tazama ndugu zake katika lugha nyingine za Kibantu: Kichewa kina ukali kwa hasira ya mtu au mnyama, Kizulu kina bukhali kwa kisu kinachokata. Makali ya chuma na ya tabia yametoka shina moja, hayakukutana pwani kwa bahati.

Hoja hii ya pili ndiyo yenye nguvu. Vinyume huonyesha matawi ya maana, havithibitishi kuwa mashina ni manne. Kidahizo, yaani neno linaloorodheshwa na kuelezwa katika kamusi, kiwe kimoja, maana zipewe namba, na kila moja iandikiwe kinyume chake. Bila hicho mwanafunzi ataandika "embe butu". Makali kama nomino, yaani upande wa kisu unaokata, ipewe kidahizo chake, maana "maneno makali" na "makali ya maneno" si muundo mmoja.

Wanahabari nao wana kosa lao: kila tusi huliita "kauli kali". Kauli kali hutaja kosa bila kulilainisha, na yaweza kusemwa kwa adabu kamili. Inayomwachia msikilizaji maumivu ni kauli chungu. Tusi ni kauli chafu.