Usalama wa chakula si uhakika wa chakula

Kiingereza kina maneno mawili, "safety" na "security", na sisi kwa yote mawili tumezoea kusema usalama. Mara nyingi hilo halina madhara. Ukitaja usalama barabarani kila mtu anajua unazungumzia ajali, na ukitaja Usalama wa Taifa hakuna atakayefikiria mikanda ya gari. Ila tukifika kwenye chakula mambo yanavurugika, na hapo ndipo ninapogomba.

"Food security", ambayo mimi naiita uhakika wa chakula, ni habari ya chakula kuwepo na watu kuweza kukipata: mvua, mavuno, maghala, bei, barabara ya kufikia soko, fedha ya kununulia. "Food safety" ni habari ya chakula chenyewe kutomdhuru anayekila: vijidudu, mabaki ya viuatilifu, sumukuvu. Katika Kiswahili cha ofisi na magazeti yote hayo yameitwa usalama wa chakula. Hapa Tanzania, kwa miaka mingi, wizara ya kilimo ilikuwa na idara ya usalama wa chakula inayofuatilia akiba na upungufu, na mamlaka ya chakula na dawa ilikuwa na kurugenzi ya usalama wa chakula inayopima ubora wa kinacholiwa. Sasa gazeti likiandika "Usalama wa chakula waimarika", msomaji aelewe nini? Mahindi yameongezeka, au sumu imepungua?

Sumukuvu ndiyo inayonifanya nilishikilie jambo hili. Ni sumu ya kuvu wanaoota kwenye mahindi na karanga, hasa zao likipigwa na ukame shambani kisha likahifadhiwa kabla halijakauka sawasawa. Haina ladha wala harufu ya kumshtua mtu, na moto wa ugali hauimalizi. Mwaka 2004 nchini Kenya, zaidi Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafariki kwa kula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Mwaka 2016 ikaua watu kwetu, Dodoma na Manyara. Mahindi hayo watu walikuwa nayo ndani ya nyumba zao.

Niliwahi kukaa kwenye mkutano wa kijiji wilayani Kongwa, afisa ugani akieleza usalama wa chakula. Alikuwa na maana ya sumukuvu, na alikuwa amejiandaa vizuri. Mama mmoja wa makamo akanyanyua mkono: "Mwanangu, mwaka huu kwangu usalama upo, kihenge kimejaa." Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Yule mama alijibu sawasawa swali alilolisikia. Afisa akatabasamu, akaendelea na maelezo yake, na nafasi ya kumuuliza mahindi yale aliyaanika wapi, juu ya turubai au chini kwenye udongo, ikapita.

Mambo haya mawili yanavutana kila siku, ndiyo maana yanahitaji majina mawili. Miezi ya njaa mtu hachambui punje zilizobadilika rangi, anazisaga zote. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na siku chache baadaye ikaruhusu yaingie kwa masharti, likiwemo la cheti cha kuonyesha kwamba sumukuvu haifiki sehemu 10 kwa bilioni. Mahindi yalikuwepo na wanunuzi walikuwepo. Kilichogomba ni kama yanalika bila madhara. Ukiyaita yote usalama wa chakula, mgogoro huo huwezi hata kuusimulia ukaeleweka.

Mkutano wa chakula wa Roma wa mwaka 1996 uliweka maana inayotumika mpaka leo: watu wote, wakati wote, wapate chakula cha kutosha, salama na chenye lishe. Yaani usalama ni sehemu moja ya uhakika. Wataalamu wanalisema kwa sentensi moja: hakuna uhakika wa chakula bila usalama wa chakula. Jaribu kuisema kwa Kiswahili cha ripoti zetu. Utapata "hakuna usalama wa chakula bila usalama wa chakula".

Na hatuna haja ya kubuni chochote. Kiswahili kilishaligawa neno "security" zamani, kila penye haja: tuna hifadhi ya jamii, dhamana ya mkopo, mlinzi wa getini, uhakika wa ajira. Uhakika wa chakula nao umo tayari, unasikika kwenye matangazo ya Kiswahili ya Umoja wa Mataifa na kwa baadhi ya waandishi wetu. Kinachokosekana ni kulishika kila mara bila kuteleza. Hata kwa asili yake, "security" ilitoka kwenye Kilatini ikiwa na maana ya kuwa bila wasiwasi, na mtu mwenye uhakika wa chakula ndivyo alivyo: hakeshi akiwaza kesho watoto watakula nini.

Najua wapo watakaopinga: majina ya idara yako kwenye nyaraka, kuyabadilisha ni usumbufu. Sioni uzito wa hoja hiyo. Mwaka 2019 kazi ya kudhibiti chakula ilihamishwa kutoka mamlaka ya chakula na dawa kwenda Shirika la Viwango, mabango yakabadilishwa, mihuri ikabadilishwa, na kazi ikaendelea. Waandishi na watafsiri hatuhitaji hata kusubiri hilo. Tarehe 7 Juni ni Siku ya Usalama wa Chakula Duniani, na habari zake ni za sumu, usafi na vipimo. Tarehe 16 Oktoba ni Siku ya Chakula Duniani, ambapo njaa na mavuno huzungumzwa zaidi. Habari za Juni tuziandike kwa usalama, na hizo za njaa na mavuno tuziandike kwa uhakika, kuanzia mwaka huu.