Daftari Lisilofutika na Kibanja cha Shangazi

Wiki iliyopita, katika semina moja hapa Kampala, kijana aliyevaa suti ya kupendeza alitutangazia kwamba teknolojia ya blokicheni, yaani daftari la kidijitali linalonakiliwa katika kompyuta nyingi ili maandishi yake yasibadilishwe kisirisiri, itamaliza migogoro ya ardhi nchini Uganda. Ukumbi ulipiga makofi. Mimi nilimkumbuka shangazi yangu wa Mukono, chai ikanishinda.

Shangazi alinunua kibanja, yaani haki ya kukaa na kulima kwenye kipande cha ardhi ya mwingine, katika ardhi ya mailo, ile ya Buganda inayomilikiwa na mtu binafsi kwa hati ya kudumu, kwa ridhaa ya mwenye ardhi, akalipa mbele ya mwenyekiti wa kijiji na mashahidi, akaandikiwa karatasi, akapanda migomba na kahawa. Miaka ikapita, kisha akatokea bwana mmoja mwenye hati miliki yenye mihuri yote, akamwamuru ahame. Naomba wataalamu wanieleze: hati hiyo ingeingizwa kwenye blokicheni, ingeonekana na kasoro gani? Ingenakiliwa katika kompyuta elfu moja, zote zingeithibitisha, na shangazi asingeonekana popote, kwa kuwa vibanja vingi havijasajiliwa popote. Sheria ya Ardhi ya 1998 inamtambua mkaaji kama yeye, daftari halimjui. Linachojua ni kwamba maandishi hayajaguswa tangu yaandikwe, lakini nani aliyaandika, na bahasha gani ilipita chini ya meza siku hiyo, hayo hayalihusu. Ugomvi huu una mizizi katika Mkataba wa Buganda wa 1900, uliowagawia wakubwa ardhi kwa maili za mraba huku waliokuwa wakiilima wakigeuzwa wapangaji, nasi leo tunaambiwa utatatuliwa kwa hisabati!

Nakubali, shingo upande, kwamba kwa blokicheni karani wa ofisi ya ardhi angepata taabu zaidi kubadilisha ukurasa usiku. Hata hivyo, nakala za kawaida zinazotunzwa na ofisi tatu tofauti zingemtia taabu hiyo hiyo.

Kuhusu fedha, Bitcoin, sarafu ya kidijitali inayotumia blokicheni, ilianza 2009, mwaka ule ule pesa za simu zilipoingia Uganda. Mtandao wa msingi wa Bitcoin bado hupitisha takriban miamala saba tu kwa sekunde kwa dunia nzima, ilhali muuza nyanya wa soko la Owino hapa Kampala hulipwa kwa simu ya vitufe. Na Januari 2021, intaneti ilipozimwa Uganda wakati wa uchaguzi, mtandao huo usio na mwenyewe haukufikika kwetu, sawa na ile yenye wenyewe.

Nilimwuliza yule kijana kuhusu shangazi. Alijibu kwa upole kwamba hiyo ni changamoto ndogo ya kuingiza taarifa. Changamoto hiyo ndogo ina miaka sabini na moja, na Jumatatu inarudi mahakamani na karatasi zake ndani ya mfuko wa plastiki.